Zuhura kanizidi kwa mstari mmoja

Jamani, leo wivu umenikaba na sioni aibu kusema.

Siku tatu nahangaika na faili la kompyuta la XML, lenye orodha ya wakulima wetu wa ulezi. Majina yapo juu, magunia yapo chini, na kila gunia lina namba ya mkulima wake. Kazi yangu ni kuandika stailishiti, yaani maelekezo ya kompyuta, ili kila mkulima atokee kwenye orodha na magunia yake.

Mimi nikatafuta kwa majina. Ufipa hii! Akina Maria wapo kumi na mmoja, na wote wakatokea na magunia ya Maria wa kwanza.

Akaja Zuhura, ana wiki mbili tu ofisini.

"Dada Leti, achana na jina, fuata namba."

Akaandika mstari mmoja. Kila Maria akapata magunia yake.

Bosi anamsifia mpaka watu wa kule Milanzi wanasikia. Mimi natabasamu huku nimeuma meno.

Nikamuuliza kajifunzia wapi. Akatoa daftari langu, lile nililomwazima siku ya kwanza. Mwandiko wangu kabisa: "Usitafute jina, fuata namba."

Haya, nichekeni. Ila daftari nimelirudisha kwenye mkoba, na haazimwi mtu tena!