Mjerumani katika Kaseti ya Bibi

Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilikuwa na wazimu wa muziki wa roki, na mtaani kwetu Ghubra wazimu huo nilikuwa nao peke yangu. Mwenzangu wa darasani aliletewa kaseti na kaka yake aliyekuwa akisoma Ujerumani. Mjerumani mmoja, sauti ya mkwaruzo, kazichukua nyimbo za roki za zamani tulizozijua kwa Kiingereza, kazitia maneno ya Kijerumani. Sikufahamu hata neno moja, lakini wallahi nilichizika! Aliziimba kama kazaliwa nazo. Nikaazimwa siku moja tu, niinakili.

Kaseti tupu sina. Kikapuni mwa bibi zilikuwamo kaseti za barua. Yeye na mdogo wake, aliyebaki Unguja sisi tulipohamia ng'ambo huku, hawakuwa wakiandikiana. Wakizungumza kwenye kaseti, na kila mwenye safari akipewa aichukue. Ikishajibiwa, maneno ya zamani hayana kazi tena, hufutwa. Nikachukua moja, nikadhani imeshajibiwa, nikamrekodi Mjerumani wangu, nikairudisha mle mle kikapuni. Ningeuliza tu!

Kumbe ililetwa asubuhi ile ile na mama mmoja wa Azaiba, mtaa wa jirani, aliyerudi safari ya Unguja. Bibi kaiweka mpaka Ijumaa, aisikilize na wanawe wote baada ya chakula.

Ijumaa akabonyeza redio, Mjerumani akanguruma. Wajomba wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Nyamazeni," bibi akasema. "Huenda mdogo wangu yuko mbele."

Akamsikiliza yule mwanamme karibu upande mzima, mkono shavuni. Mie nikajitia kukusanya sahani. Mjerumani alipokwisha, kweli, sauti ya mdogo wake ikatoka: "…basi dada, hilo tu nnalokuomba. Usinikatalie. Nangojea jibu lako." Kaseti ikaisha; upande wa pili ulikuwa mtupu.

"Kaniomba nini?" bibi akatuuliza sote.

Akampigia simu mama wa Azaiba: kwa nini kawapa watoto wake kaseti ya watu waichezee? Maskini ya Mungu akaapa, akalia. Mie nimesimama mlangoni na sahani zangu, kimya. Niliogopa. Nilikuwa mwoga, tena mbaya, na bibi hakumsalimia tena yule mama mpaka anaondoka duniani.

Mdogo wake hakuwa na simu. Bibi akarekodi kaseti nyengine siku ile ile: "Nimekubali. Sikulisikia, lakini nimekubali, lolote lile." Kabla haijapata msafiri, habari ya msiba wa mdogo wake ikatufika.

Bibi aliishi miaka kumi zaidi. Kila aliyekuja kutoka Unguja, bibi alimuuliza mdogo wake alikuwa akiomba nini, na hapana aliyejua. Siku moja nampaka mafuta ya magoti, akanigeukia.

"Hebu wewe, unafikiri alikuwa akitaka nini?"

Hapo ndipo ningesema. Nikamwambia, "Pengine alitaka uende ukamuone, bibi."

Akashusha kanga juu ya magoti.

"Ningekwenda," akasema. "Ah, mjukuu wangu, kesho yake ningekwenda."