Nguzo Nyuma ya Pazia

Darasani nikiitwa kwenye rejista huitikia kwa sauti ndogo sana. Muhula huu nimeandikwa mara mbili kwamba sikufika, na dawati langu ni la pili kutoka mbele. Kwa hivyo nilichofanya Jumanne, siku ya mapumziko ya katikati ya muhula, sikukipanga.

Mama analea watoto wa watu hapa mtaani Obunga, kwenye nyumba yetu ya mabati yenye vyumba viwili. Sisi tunalala cha nyuma, watoto wanashinda cha mbele, kumi na wanane siku za kawaida. Mama zao wanafulia watu nguo au wako sokoni. Kona moja ya chumba hicho ina nguzo inayobeba paa, na nguzo hiyo imeliwa na mchwa. Niliigundua wakati wa likizo nikifagia. Niliitia kidole, kikaingia kama kwenye ugali. Tangu siku hiyo, upepo wa ziwa ukianza mchana, nilikuwa nasogeza watoto waliolala upande ule, mmoja mmoja, bila kumwambia mtu kwa nini.

Mama alisikia kwenye baraza la chifu kwamba kaunti inatoa ruzuku ya kukarabati vituo vya watoto: paa, sakafu, choo. Fomu nilijaza mimi kwa sababu ndimi niliyefika sekondari. Palipoulizwa hali ya jengo nikaandika ukweli. Paa linavuja. Nguzo ya kona imeliwa na mchwa na inaweza kuanguka. Kwenye karatasi huwa siogopi. Mama aliweka sahihi bila kusoma, maana kuna mtoto alikuwa anamtapikia begani.

Jumatatu simu ikapigwa: kesho mtu atakuja kukagua. Mama akashika kiuno.

"Mgeni hawezi kukuta nyumba imekaa hivi. Atasema sisi ni watu wa aina gani?"

Jirani yetu anayeuza samaki wadogo wa omena akaja na furushi kichwani. "Hivi vitambaa ni vya harusi ya binti yangu. Mtoto akivimwagia uji, namla yeye na kikombe."

Wakatandika vitambaa vya kufuma kwenye kila benchi. Wakatundika shuka nyeupe chini ya paa, vile watu hufanya ili mabati yasionekane, na mashimo yote yakapotea. Kwenye kona wakashusha pazia la maua kutoka juu hadi chini. Nguzo ikapotea pia.

"Mama," nikasema, "si wanataka kuona penye shida?"

"Wakiona shida wanafunga. Ile bebikea ya kule chini, ya kulea watoto kama hii yetu, ilifungwa kwa nini? Si walionyesha choo chao?"

Nikampa msumari wa mwisho, ulioshika pazia na shuka pamoja. Labda alikuwa sawa.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mpole, amebeba faili na viatu vyake vimejaa vumbi. Mama akamkalisha kwenye kitambaa kizuri kuliko vyote na kumfungulia soda.

"Mama, kwako ni safi! Tangu asubuhi nazunguka, hapa ndipo pa kwanza nimekaa chini."

"Karibu sana, madam. Jisikie nyumbani."

Akafungua fomu yetu. Mwandiko wangu niliuona kutoka mlangoni.

"Hapa mmeandika nguzo. Nguzo gani?"

Mama akacheka. "Ah, huyo ni mtoto aliandika. Hawa wa sekondari wanapenda kutunga insha."

Mkaguzi akacheka. Mimi pia nikacheka, na hicho kicheko ndicho kinaniuma mpaka leo.

"Basi nitaandika jengo liko sawa. Ruzuku iende kwa wale wako na shida zaidi."

Mama aliitikia kwa kichwa, bado anatabasamu, lakini mkono wake ulikuwa umekunja leso. Hapo nikaona vidole vya miguu chini ya pazia. Msichana mdogo, wa miaka mitatu, alikuwa anacheza kujificha. Pazia lilikuwa linatikisika. Alikuwa ameegemea nguzo.

Nilitaka kusema. Badala yake nikavuka chumba, nikamvuta mtoto, nikavuta pazia. Msumari ukatoka pamoja nalo, na shuka ya juu ikaanguka nusu. Jua likapita kwenye mashimo ya mabati, likaweka madoa juu ya fomu. Unga wa mchwa ukamwagika kwenye soda. Nikatia kidole kwenye nguzo, kikazama.

"Ni hii," nikasema.

"Nyathina," Mama akaniambia kwa Kijaluo, mtoto wangu, "umenimaliza."

Mkaguzi aliibonyeza kwa kidole gumba, akautoa mkono haraka kama aliyeungua. "Mama, toa watoto nje. Wote. Sasa hivi."

Aliandika akiwa amesimama uani. Chumba kisitumike mpaka kirekebishwe. Jina letu angelipeleka kwenye kaunti, lakini kuamua si kazi yake, tungojee barua.

"Na kama haitakuja?" Mama akauliza.

"Sitakudanganya, mama. Sijui."

Kanisa limetupa banda lao, lakini linatosha watoto wanane tu. Wengine kumi sijui wanashinda wapi. Mama wa yule msichana wa pazia anamfungia ndani kwa kufuli akienda kufua, amesema mwenyewe, na hakuniangalia aliposema. Usingizi ukikatika, nafikiria hiyo kufuli.

Siku mbili Mama hakunisemesha. Alhamisi tukiwa tumekaa nje, akauliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu likizo."

"Na hukuniambia?"

"Niliandika."

"Wapi?"

"Kwa fomu."

Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza, mabati yanapigapiga. Kutoka chumba cha mbele, kitupu, tukasikia mti wa ile nguzo ukilia, mara moja, kisha kimya. Mama akanishika mkono.

"Nguzo ikilia tena ukiwa peke yako," akasema, "niite. Kwa mdomo. Piga kelele mpaka jirani asikie."