Moyo wa Mdogo Wangu Fundi wa Nguo

Mdogo wangu ni fundi wa nguo tangu hajaolewa. Hupima mtu kwa jicho, na suti ikamkaa kama ngozi. Nasema bila aibu, ingawa tumenyonya ziwa moja. Mdomo wake nao ni mkali kuliko mkasi. Mteja akilalamika kwamba suruali inambana, humwambia asiisingizie suruali, aseme na tumbo lake.

Moyo wake ulikuwa ukienda mbio, hata gauni linatikisika kifuani. Hospitali wakampa vidonge vya kutuliza mapigo, na kweli ukatulia. Ngazi za karakana yake akawa anazipanda bila kusimama katikati. Alipojiona mzima, akaviacha vile vidonge. Nilipomuuliza, hakuinua hata macho kwenye cherehani.

"Dada, nguo ikishashonwa inarudiwa?"

Nikaona ni hoja.

Wiki haikuisha. Alikuwa anapiga pasi shela ya bibi harusi, pasi ikamtoka mkononi. Jasho linamchuruzika, kifua kinambana, moyo unagonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Nilimshika kiganja, nikahisi maisha ya mdogo wangu yanataka kuponyoka chini ya vidole vyangu.

Tukamkimbiza hospitali, na daktari alikuwa binti wa rika la wajukuu zangu. Kabla ya yote aliuliza kama kuna dawa iliyoachwa. Wakamlaza, wakamrudishia dawa yake huku wakimwangalia. Alipopata nafuu, yule binti akatueleza kwamba kidonge kile hakiponyi moyo, kinaushika tu. Ukiachiwa ghafla, hurudi na hasira.

Mdogo wangu akafikiri kidogo. "Kumbe si uzi. Ni pini."

Daktari akacheka. "Ndiyo, mama. Na pini hizi usizichomoe mwenyewe. Ukitaka kuacha njoo, tutapunguza pamoja, kidogo kidogo."

Akamwonya pia kwamba akisahau kidonge asije akameza viwili kwa mpigo kufidia, na akiamka asikurupuke, akae kwanza kitandani, maana kizunguzungu hakina adabu. Jirani yetu mwenye pumu aliposikia sifa za dawa akaja kuomba ajaribu kimoja. Mdogo wangu alikuwa ameshamuuliza daktari, akaambiwa dawa ile inaweza kumbana mwenye pumu asipumue. Akamwambia jirani kwamba nguo zilizopimwa kwa mwenzake atavaa siku atakayokubali matiti ya mwenzake.

Tuliporudi kliniki, yule binti alinivalisha masikioni vile vipira vya kupimia moyo, nisikilize moyo wa mdogo wangu. Nimezaa, nimezika, nilidhani nimeshaona yote. Ulikuwa unapiga taratibu, pigo, kimya, pigo, moyo uleule uliokuwa ukipiga nilipombeba mgongoni akiwa mchanga, na haujapumzika hata siku moja tangu hapo. Machozi yakanitoka.

"Unasikia nini, dada? Mbona unanitisha?"

Nikamwambia anyamaze, bado nasikiliza.