Kisa cha Okia Kama Kilivyosikika Busia

Atai ameshona magunia yanayochanika kwenye malori pale Busia miaka kumi na tisa, na ukitaka kujua kilicho kikali kuliko shazia yake, ile sindano nene ya magunia, msikilize mdomo. Simu huwekwa katikati, wanawake watatu wakaizunguka, na podikasti ya visa vya mauaji ikanguruma tangu asubuhi. Siku mtangazaji alipotaja Busia bila kusema ni ya Kenya au ya Uganda, Atai alifyonya: "Busia gani? Hata mpaka hajavuka, anataka kutusimulia!" Dorcas, jirani yake wa kushona, alimpachika jina la Hakimu, nalo likamkaa.

Lakini kilichomkera hasa ni utovu wa adabu. Kijijini kwao Petta, zamani hizo, mleta habari ya msiba hakuropoka. Aliketi, akaomba maji, akauliza mvua, akauliza ng'ombe, na mwenye nyumba akaanza kuelewa polepole, moyo ukijiandaa. Enzi zile, jamani! Siku hizi kifo cha mtu kinaletwa na muziki wa kutisha, halafu tangazo la sabuni.

Jumanne moja sauti ikasema: "Tiira, kwenye machimbo ya dhahabu, miaka ishirini na miwili iliyopita, kijana aitwaye Okia..." Atai akaacha kushona. Okia alikuwa kaka yake.

Mtangazaji akasema Okia alishikwa akiiba mchanga wa dhahabu kwenye shimo la wenzake, nao wakampiga mpaka akafa. Kisha akashusha sauti: "Wakauliza, huyu ni wa nani? Hakuna aliyejibu. Okia hakuwa na mtu."

"Huyu anadanganya!" Dorcas akapaza sauti. "Si angekuja kuuliza hapa? Maiti ina wenyewe! Njia ya mwongo fupi!" Benedeta, mwenzao wa tatu, akabisha: kama ni kweli, isemwe, mwizi ni mwizi hata akifa. Wakazozana weee. Hakimu akawa anafumua mshono aliokwisha kuushona.

Alikuwa mbali, na Okia wake, juu ya baiskeli katika barabara ya Petta. Yeye nyuma amekumbatia kikapu cha karanga, Okia anapiga mluzi na kuachia breki kwenye kila mteremko ili dada apige mayowe. Karanga zilimwagika mara ngapi! Mama akigomba, Okia alimwigiza mpaka mama mwenyewe akacheka. Jinsi anavyomkumbuka! Mpaka leo mtu akipiga mluzi njiani, Atai hugeuka.

Saa saba Harriet akavuka kutoka saluni anakofanya kazi, upande wa Kenya, macho mekundu. Huyu ni binti wa Okia, aliyezaliwa miezi miwili baada ya mazishi. Baba yake anamjua kwa mdomo wa shangazi tu, na shangazi alimwambia shimo liliporomoka.

"Shangazi, nimewaandikia wale watu wa podikasti. Nimewaambia wamemchafua baba yangu. Wanasema watakupigia saa tisa, ukikanusha watakiondoa kile kisa. Utawaambia, si ndiyo? Ulikuwa Petta siku ile, lakini unajua ni shimo."

Wote wakamtazama Atai. Ilikuwa rahisi kama kumeza mate. Akisema ndiyo, Okia atakuwa safi, na binti yake atatembea kichwa juu.

"Sikuwa Petta," Atai akasema. "Nilikuwa Tiira. Nilikuwa nauza uji pale mashimoni."

"Basi uliliona likiporomoka!"

"Hakuna shimo lililoporomoka, mwanangu. Aliiba. Makarai mawili ya mchanga, nilimwona nayo. Walipouliza ni wa nani, nilikuwa nimesimama hatua kumi, kata ya uji mkononi. Nikaogopa watanipiga na mimi. Nikanyamaza."

Dorcas akaziba mdomo kwa kanga. Benedeta akajifanya anatafuta uzi. Harriet akamsogelea.

"Alikuona?" akauliza.

"Aliniona."

"Akakuita?"

Atai akaiweka shazia chini. Machozi yakamtoka mbele za watu, yeye ambaye Busia nzima humwogopa.

"Mmoja wa waliokuwa wakimpiga aliona Okia ananitazama," akasema, "akageuka kuangalia ni nani. Okia akafumba macho upesi, mwanangu. Hakuyafumbua tena."