Mkate wa Kiapo

Miaka ya hamsini, tukikaa Mabawa, mume wangu alikwenda Mkwaja kununua ng'onda, samaki wa kukausha, akakaa huko hata mwezi ukaandama. Aliporudi nikamwuliza kilichomweka. Ati lori liliharibika. Asubuhi yake nikamwuliza tena, lori likawa zima, ila mto ulifurika. Jioni mto ukapungua, kukawa na mazishi. Loh! Njia ya mwongo fupi. Nikamwambia huko Mkwaja ana mke, na kama yupo anipe talaka yangu nirudi kwetu Pangani. Ukewenza siuwezi. Nililia mpaka kanga ikalowa.

Mama mkwe, tuliyekaa naye nyumba moja, akasema ya nini kugombana, kiapo cha mkate kipo. Mwalimu wa chuo cha Kurani husomea Yasini juu ya mkate, halafu mtu akala kipande: mkweli humeza, mwongo humkwama. Mwalimu akaja, akasoma, mbuzi akamkatiza, akaanza upya. Mkate ukakauka kama kifuu.

Mume wangu akameza chake, akauliza kama kuna chai. Mwalimu akasema mshitaki naye ale, ndiyo desturi. Nikala. Wallahi ulinikwama! Nilikohoa macho yakanitoka, na hakuna aliyenipa maji. Walikuwa wananitazama.

Mama mkwe akaniuliza, mwanawe alipokuwa safarini mimi nilikuwa nikilala wapi. Nikasema hapa. Nikakumbuka usiku mmoja nililala kwa dada yangu, amejifungua. Halafu nikakumbuka hakuwa amejifungua bado, ilikuwa harusi ya jirani. Yote kweli, na kila nikisema nazidi kuzama. Mwalimu akatikisa kichwa. Sasa talaka ilikuwa inanijia mimi, tena ya aibu.

Mume wangu akasema, "Alikuwa nami Mkwaja. Hakubanduka ubavuni mwangu."

Mama mkwe, aliyekula mchuzi wangu siku zote zile, akaanza kubabaika, hajui tena kama kweli aliniona nyumbani. Mwalimu akamwuliza mume wangu tena. Akarudia yaleyale, wala neno halikuhama, wala jicho halikupepesa.

Kumbe mume wangu akisema uongo, husema hivi, umenyooka. Basi lori liliharibika, na mto ulifurika, na maiti alizikwa, ila maskini hakujua aanze na lipi. Nikamshika mkono mbele ya mama yake, haya sina, nikasema talaka siitaki tena.