Gari la Bi Mkasi

Bi Mkasi alipata leseni ya udereva katika umri ambao wenzake walikuwa wanaanza kutafuta miwani ya kutungia uzi sindano. Mtaa ulicheka, kisha ukazoea. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika zamani. Mkasi uliokuwa ukining'inia kiunoni mwake kwa kamba ndio uliompa hilo jipya, na hata wateja wa mara ya kwanza walimwita hivyo bila kuuliza.

Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango ukiwa wazi barabarani. Mlikuwa na meza ya kukatia, pasi, magauni yaliyotundikwa ukutani kama watu wasio na haraka ya kwenda popote, na cherehani ya miguu, nyeusi, iliyochubuka rangi pale kiganja chake cha kulia kilipozoea kutua. Cherehani ya namna ile haina breki. Ukitaka kuianzisha unasukuma kwa mkono gurudumu dogo la pembeni, miguu inadaka mwendo na kuendelea. Ukitaka kuisimamisha unalitia kiganja gurudumu lile lile. Mkono wa kulia ndio wenye amri, miguu inapewa habari baadaye.

Nyuma ya pazia, katika chumba cha pili, alikaa mumewe. Naye hakuwa na jina zaidi ya kazi yake: Dereva. Alikuwa ameendesha malori tangu ujanani, mpaka presha ya macho ilipoanza kumla nuru pole pole, kwanza pembeni, kisha katikati, kama mtu anayefunga duka ubao mmoja mmoja. Sasa alikuwa haoni kabisa. Watu waliendelea kumwita Dereva. Hawakuwa na jina jingine la kumpa, na yeye hakuwasaidia kulitafuta.

Alikuwa na kiti chake, redio yake na ukimya wake. Kazi ya mkewe aliifuata kwa masikio: mlio wa pedali, kisha bangili mbili nyembamba zikigonga gurudumu, kisha kimya. Bangili zikilia, alijua mshono umefika mwisho. Aliyajua pia magari yaliyopita nje. "Huyo klachi imekwisha," angesema ghafla kutoka nyuma ya pazia, na mteja aliyekuwa anapimwa kiuno angeshtuka akidhani anasemwa yeye.

Jambo moja hakulifanya: hakutoka. Mara ya mwisho alipotoka, mkewe akiwa amemshika mkono, sauti fulani mbele ya duka ilisema, "Mpisheni huyo mzee, haoni." Wakampisha. Njia nzima ikafunguka mbele yake, yeye aliyezoea kupishwa kwa sababu nyingine kabisa. Aligeuka, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo akawa anasema miguu inamuuma. Wala hakutaka kusimuliwa ya nje. Bi Mkasi alipomwambia kwamba jirani amepaka ukuta wake rangi ya kijani, alijibu bila ukali, "Fundi, usinisomee dunia kama gazeti."

Hapo ndipo wazo la gari lilipoanzia. Sababu yake aliijua mtu mmoja tu, wifi yake, dada wa Dereva, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko.

"Wifi, hilo gari utaliweka wapi? Kabatini pamoja na vitambaa?"

"Mlangoni. Kaka yako hataki kushikwa mkono. Lakini ndani ya gari kila mtu amekaa. Hakuna anayeongozwa."

"Na akikataa kuingia?"

Bi Mkasi alitoa pini mdomoni. "Akikataa, nitakuwa nimenunua bati."

Alijifunza kwa taabu. Kila alipoogopa, mkono wake wa kulia uliruka kutoka kwenye usukani na kubaki hewani, ukitafuta gurudumu la cherehani. "Mama, unampungia nani?" mwalimu wa udereva alimuuliza siku ya kwanza. Siku zilizofuata mwalimu hakutania tena, alishika handibreki kabla hata hajafunga mkanda. Lakini mkono ulitulia hatimaye, au ulijifanya umetulia, na siku ya mtihani Bi Mkasi aliegesha gari katikati ya vigingi kwa unyoofu wa mtu aliyezoea kupinda pindo. Akapewa leseni. Dereva aliipapasa kadi ile kwa dole gumba, akairudisha.

"Hongera," alisema. "Ila miguu yako ni ya cherehani, fundi. Inajua kwenda tu."

Gari lilipatikana kwa muuguzi wa mtaa wa pili aliyehamishwa kikazi. Lilikuwa dogo, la zamani, rangi ya maziwa, viti vyake vikiwa vimepasuka mahali ambapo fundi cherehani angeziba kwa mchana mmoja. Bei walishakubaliana. Muuguzi alilileta mwenyewe hadi mlangoni, akashuka, akaamkia.

"Shikamoo, mzee. Nimesikia wewe ndiye mkaguzi."

"Marahaba. Liwashe."

Dereva alikuwa amefika kizingitini, na pale alisimama, ncha za ndala zake zikigusa ukingo wa sakafu. Hakuteremka. Alinyoosha mkono, akaomba boneti, na mkewe akalisogeza gari kwake karibu kabisa, jambo alilolifanya kwa mwendo wa kobe huku wifi akipiga makofi. Dereva aliweka kiganja juu ya bati lenye joto, akasikiliza kama daktari. Uso wake ulibadilika. Ulikuwa uso wa mtu anayesikia lugha ya kwao mahali pa ugenini.

"Linakula oili kidogo," alisema. "Lakini moyo wake mzima. Chukua."

"Basi panda tulijaribu," Bi Mkasi alisema. Alijitahidi sauti yake iwe ya kawaida, na ndiyo maana haikuwa.

"Nendeni. Mimi nimeshalisikia."

Wakaenda, yeye na muuguzi. Hawakufika mbali. Pale barabara inapoteremka, mkokoteni uliojaa makabichi ulikata njia ghafla. Mkono wa kulia wa Bi Mkasi ukaacha usukani, ukapanda hewani na kufunguka, kiganja kikitafuta chuma kisichokuwepo. Miguu ilisubiri amri. Gari likaendelea kuteremka kwa upole wake wote, likaukosa mkokoteni, likapanda lundo la mchanga wa jirani aliyekuwa anajenga, na hapo injini ikazima.

Makabichi yalisalimika. Mwenye mkokoteni alimtazama dereva mwanamke aliyeinua mkono kama anayeapa mahakamani, akainua wa kwake, akamwitikia.

"Gari halijaumia, mama," muuguzi alisema, akiwa bado ameng'ang'ania mlango. "Na mimi sijaumia. Wewe je?"

Bi Mkasi alimwomba muuguzi aliendeshe gari mpaka nyumbani, na walipofika alisema halinunui. Muuguzi, ambaye alikuwa na subira ya kazini kwake, alisema atarudi Jumamosi kabla ya kusafiri. Kama jibu ni lile lile, kuna mtu mwingine anayelitaka.

Jioni ile wifi alikuja akiwa tayari amesimuliwa, na safari ya kwanza ya gari ilikuwa imeongezewa kuku wawili na nguzo ya umeme. Alipoona uso wa mwenzake, alimeza maneno, akaondoka mapema. Wakabaki wawili. Bi Mkasi alikaa kwenye benchi la wateja bila kazi mikononi.

"Injini ilizima," Dereva alisema kutoka nyuma ya pazia. "Nilisikia mpaka huku. Hukufunga breki."

"Mkono ulitoka. Wenyewe."

Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, Dereva akaipunguza sauti.

"Mimi nilikuwa nakupiga mateke usingizini, nikirudi safari. Unakumbuka?"

"Nitasahau vipi? Ulikuwa unafunga breki kwenye ugoko wangu."

"Mguu ulikuwa bado uko barabarani." Alicheka kidogo. "Niliacha lini, vile?"

Bi Mkasi alitafakari kama amjibu. Kuna mambo ambayo mke huyaweka, si kwa siri, ila kwa sababu hakuna mahali pa kuyaweka yakionekana.

"Hujaacha," alisema. "Hata juzi."

Miaka yote ambayo Dereva alikaa kwenye kiti kile, akiamini kwamba kila kilichokuwa dereva ndani yake kimezimwa pamoja na macho, mguu wake wa kulia ulikuwa ukiondoka kila usiku bila kumuaga, ukiwaona watu njiani, ukiwafungia breki. Mtu anaweza kuugua habari ya namna hiyo, na anaweza pia kuinuka nayo. Pazia lilisogea. Dereva alipapasa meza ya kukatia, akaipita, akakaa kwenye benchi.

"Nenda kwenye cherehani yako. Shona chochote. Nikisema simama, simama kwa miguu. Mkono ukigusa gurudumu, umeua mtu."

"Nishone nini?"

"Ninajua? Shona mwendo."

Akavuta kilichokuwa karibu, bitana ya gauni la wifi. Pedali ikaanza.

"Simama!"

Bangili zikalia.

"Umeua. Tena."

Waliendelea hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata, kati ya mteja na mteja. Dereva alijifunza kumvizia: angeuliza habari za uzi, angepiga chafya, kisha katikati ya neno, "Simama!" Mwanzoni bangili zililia kila mara. Baadaye zililia mara moja moja. Wifi alikuja kuulizia gauni lake, akakuta bitana imeshonwa kama njia ya panya, akashika kiuno.

"Ndiyo nguo yangu hii au ramani? Na hizo bangili si uzivue tu, wifi, tumalize kesi?"

"Akizivua," Dereva alisema, "nitajuaje kwamba ameogopa?"

Wifi alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya nyumba ile, ukafungika bila kutoa kitu.

Kufikia Ijumaa, pedali ilikuwa inakufa ghafla chini ya miguu, na baada yake kinakuja kimya kitupu, kisicho na mlio wa chuma. Wote wawili walikisikiliza. Ndicho kilichokuwa kigeni katika chumba kile.

Jumamosi muuguzi alifika asubuhi. Aliacha injini ikiunguruma, akasimama mlangoni akisubiri jibu. Bi Mkasi alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kama mwenye safari, lakini hakuinuka kwenye kiti cha cherehani.

"Hapa ninasimama vizuri," alisema, akimwelekea mumewe. "Lakini hapa upo wewe. Barabarani nani ataniambia simama?"

Hakuwa anambembeleza. Lilikuwa swali la kazi, kama fundi anavyouliza nani atashika ncha ya pili ya kitambaa. Pengine kwa sababu hiyo tu, Dereva hakusema kwamba miguu inamuuma. Alikaa akisikiliza injini ile iliyokula oili kidogo. Vidole vyake vya miguu vilijikunja ndani ya ndala.

"Viatu vyangu viko wapi?"

Muuguzi, aliyezoea kushika wagonjwa, alipiga hatua. Bi Mkasi alimzuia kwa jicho. Dereva aliteremka kizingiti peke yake, akaligusa bati, akalifuata kwa kiganja kutoka taa mpaka boneti, kutoka boneti mpaka mlango, akizunguka gari kama alivyokuwa akizunguka lori kabla ya safari. Akafika mlango wa dereva kwa mazoea. Kiganja kikakaa pale kwenye kitasa kwa muda. Kisha akaendelea kuzunguka, akafungua mlango wa upande wa pili, akaingia.

Bi Mkasi akashika usukani. Muuguzi aliwaachia gari, akabaki kwenye benchi la wateja na wifi aliyekuja kushuhudia, ambaye alimwambia habari za kuku wawili.

Pale kwenye mteremko hapakuwa na mkokoteni, lakini mtu wa baiskeli alijitokeza. Bangili zikagusana, kidogo sana.

"Mkono!"

Mkono ukarudi. Miguu ikakanyaga breki, na upande wa pili wa gari, mguu wa kulia wenye kiatu kilichokakamaa kwa kutovaliwa ulikanyaga sakafu wakati ule ule. Baiskeli ikapita.

Wakafika barabara kubwa. Dereva alikuwa ameegemeza kichwa karibu na dirisha, akihesabu kona kwa mwili wake.

"Sasa unapita kituo cha mafuta," alisema. "Mkono wa kushoto."

Bi Mkasi alisita. Kituo kile kilikuwa kimebomolewa, na yeye alikuwa amekumbuka neno la mumewe juu ya gazeti. Akaendesha kimya. Harufu ya petroli haikuja, wala kengele za pampu. Dereva aligeuza shingo kushoto, akangoja, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyenyoosha mguu kukanyaga ngazi asiikute.

"Hakipo," alisema.

"Hakipo."

Gari lilienda. Alishusha kioo, upepo ukamjia usoni, na akaubakisha uso pale.

"Kuna nini sasa?"

Bi Mkasi hakuondoa macho barabarani. Alipunguza mwendo, akarudi gia ya pili ili apate nafasi ya kutosha kusema, na mikono yake yote miwili ikiwa kwenye usukani, akaanza kumweleza: jengo la vioo, na pembeni yake ukuta mrefu, na juu ya ukuta nguo za mtu zimeanikwa, shati jeupe na kanga, na shati lina kola iliyogeuzwa, nani sijui kaishona vibaya vile. Nyuma yao magari yalianza kupiga honi.

"Waache wapige," Dereva alisema. "Kola imefanywaje?"