Bata wa Jumapili

Mji wa Dover, kwenye pwani ya Uingereza, ulimwita Hester Pilcher "Bata wa Jumapili", na wa kulaumiwa ni shangazi yake, Lavinia. Waogeleaji wa masafa marefu hujipaka mafuta ya nguruwe ili kuzuia baridi ya bahari. Asubuhi moja ya Agosti 1911 mafuta hayo yaliadimika madukani, na shangazi, ambaye hakupenda kitu kipotee, akampaka yaliyobaki kwenye sinia la bata wa kuokwa wa mlo wa Jumapili, pamoja na chumvi na vitunguu vyake.

"Shangazi, nanukia chakula."

"Afadhali chakula kuliko maiti. Geuka nikupake mgongo."

Hester alikuwa dobi, na alichokitaka kilikuwa maji safi. Bwawa la mji lilijazwa maji mapya kila Jumatatu. Wanaume waliogelea tangu siku hiyo hadi Ijumaa, na wanawake walipewa Jumamosi, maji yakiwa na rangi ya chai. Bwana Finnis, katibu wa chama cha waogeleaji, aliahidi kwamba Hester akiogelea baharini hadi mji jirani wa Deal bila kushika mashua wala mtu, Jumatatu itakuwa ya wanawake. Aliahidi kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa hakuamini kwamba angefika.

Mashua ikamfuata, mzee Tapley akipiga makasia na Finnis akisimamia kanuni. Haukupita muda shakwe wakanusa mlo. Wa kwanza alimdonoa begani, kisha akaita jamaa zake.

"Bi Pilcher, shika kasia tukutoe," Finnis akasema. "Hakuna atakayekucheka."

"Wewe utacheka."

"Nitatabasamu tu."

"Zama, binti," Tapley akasema. "Hawa hawapigi mbizi."

"Hairuhusiwi kumsaidia."

"Nilikuwa naongea na ndege."

Hester akazama, akaibuka mbele, akadonolewa, akazama tena. Maishani mwake hakuwahi kuogelea kwa kasi ile.

Deal ilipoonekana, Finnis alishikwa na njaa, akafungua mkate wake wa nyama. Shakwe wote wakahamia kwake. Akasimama kupigana nao kwa mwavuli, akaanguka majini, akamkumbatia Hester kwa mikono miwili. Akateleza kwa mafuta yale. Akamkumbatia tena, akateleza tena, hata Tapley akamnasa ukanda wa suruali kwa ndoano ya mashua.

Ufukweni, Hester akiwa amekwisha kusimama juu ya kokoto, Finnis alisema huku akitetemeka, "Tumegusana. Kanuni ni kanuni."

"Mimi sikukushika. Wewe ndiye uliyejaribu, na hukuweza."

"Nitatoa ushahidi nikiulizwa," Tapley akasema kwa upole. "Ila itabidi nieleze pia kwamba katibu wa waogeleaji hajui kuogelea."

Finnis akapiga chafya. "Jumatatu, basi."

Jumatatu iliyofuata maji yalikuwa maangavu hata vigae vya chini vilihesabika. Wanawake wenzake walikuwa wamekwisha kujitosa, wakipiga kelele za furaha.

"Hester, mwanangu, unangoja nini?" shangazi akaita kutoka kwenye benchi.

"Nisiwachafulie wenzangu maji."

Aliendelea kusugua mafuta ya bata nyuma ya masikio kwa kitambaa na sabuni ya kufulia. Ngozi ilipoanza kulia chini ya kidole, akasuuza kitambaa, akakikamua na kukitundika msumarini.